Gofu nalo hupigiwa hodi: namna ninavyopiga picha majengo yaliyoachwa

Babu yangu mzaa baba aliletwa Tanga kutoka Kasulu akiwa kijana, manamba wa kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Chumba alichopewa kambini bado kipo. Paa limekwenda, mlango umekwenda, na pale palipokuwa kitanda pameota mpapai. Picha ya kwanza niliyoipenda katika picha zangu zote ni ya mpapai ule. Niliipiga nikiwa kizingitini na kamera ya kuazima. Tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, Jumamosi isiyokuwa na mitihani ya kusahihisha hunikuta kwenye gofu fulani kati ya Tanga mjini na Korogwe. Kazi yangu ni kufundisha jiografia sekondari. Picha ni mapenzi tu.

Vijana huniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza pale penye njia iliyofyekwa

Usianze na kiwanda kilichooza. Anza na gofu lenye mtunzaji na kiingilio, ili macho yazoee kabla miguu haijapata mtihani. Ukiwa Tanga, nenda Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani. Pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo. Sogea karibu na kaburi ulitazame vizuri. Utaona vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Bakuli zimebanduliwa, imebaki alama ya ukingo kwenye chokaa. Picha ya mchana itakuonyesha doa tu. Subiri jua lishuke hadi liupige ukuta kwa ubavu, kivuli kijae ndani ya kishimo, na hapo hata asiyejua habari zake atauliza humo palikuwa na nini. Mimi nilikwenda mara tatu kabla sijaipata picha hiyo.

Walioko kwingine wana pao. Bagamoyo kuna Kaole. Unguja kuna Maruhubi, jumba la Sultan Barghash lililoungua mwaka 1899, na nguzo zake bado zimesimama karibu na bahari. Kusini kuna Kilwa Kisiwani, na walio Malindi wana Gede, ambayo mwaka 2024 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lipa kiingilio, chukua risiti, kaa siku nzima.

Mahali kama hapo usiokote hata kigae. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, iwe kuna kibao au hakuna, na vipande vilivyotapakaa chini navyo vimo.

Kwa nini mimi nafuata viwanda vya mkonge

Kila mpiga picha wa magofu ana gofu lake moyoni, na langu ni kiwanda cha mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ndipo ujenzi wa reli ulipoanza Tanga kwenda bara. Kutokana na miche ile michache, kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa tani kama 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kiwanda kimoja baada ya kingine kikanyamaza. Vingine vinafanya kazi hadi leo, nami hufurahi kila nikipita Ngomeni au Hale nikaona singa nyeupe zimeanikwa kwenye nyaya. Lakini vilivyonyamaza ni vingi.

Nawaeleza haya kwa sababu asiyejua kazi ya jengo hatajua asimame wapi. Ukijua kwamba majani yaliingia kwa toroli upande huu, yakapita kwenye korona, mashine ya kuyasaga na kuyaosha, singa zikatoka kwenda kuanikwa, zikarudi kwenye brashi, mashine ya kuzichana, zikafungwa marobota na kupandishwa behewani upande ule, basi jengo linakuwa na mwanzo na mwisho. Picha zako nazo zifuate njia hiyo. Kabla sijatoa kamera hutembea jengo zima kwa njia ya jani la mkonge. Kama lako ni stesheni, tembea njia ya abiria. Kama ni hospitali, tembea njia ya mgonjwa kutoka mlangoni hadi wodini.

Hodi

Mara ya pili tu katika mambo haya nilikosea vibaya. Nilifika kwenye kiwanda kimoja, sitakitaja, saa moja asubuhi, sikuona mtu, nikaingia. Ghorofani palikuwa na sakafu ya mbao, kavu kwa macho. Hatua ya nne mguu wa kulia ukazama mpaka pajani. Ubao ulikuwa ganda tu, mchwa wameshakula ndani yote. Nikakwama, damu inachuruzika, simu iko kwenye begi na begi liko mlangoni. Hakuna aliyejua niko pale. Nilipiga kelele karibu saa nzima hadi mzee mmoja mlinzi, aliyekuwa amekwenda kunywa chai, akaja na ngazi. Alinitoa, akanifunga mguu kwa kanga yangu mwenyewe, halafu akaketi chini na kunitazama.

"Mwanangu, wewe kwenu huingii nyumba ya mtu bila hodi."

"Shikamoo babu. Nilidhani hapana mtu."

"Marahaba. Mimi nipo hapa tangu sijaota ndevu. Vipi pasiwe na mtu?"

Ile sindano ya pepopunda niliyodungwa jioni yake niliisahau baada ya wiki mbili. Maneno yale sijayasahau. Hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Lina kampuni au serikali inayomiliki hati, lina mlinzi, lina familia inayolima mahindi uani, lina watoto wanaochezea humo, lina wazee waliomaliza ujana wao ndani yake. Kuingia kimyakimya ni kosa kisheria, na kwa desturi zetu ni aibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifika kijijini nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, ujitambulishe, useme unatoka wapi na picha ni za nini. Waonyeshe picha ulizopiga kwingine; mimi hubeba bahasha yenye picha kumi zilizochapishwa, na zimenifungulia milango zaidi ya barua yoyote. Uliza mwenye jengo ni nani na mlinzi anakaa wapi. Kama ni mali ya kampuni, omba ruhusa ya maandishi. Ikichukua mwezi, subiri mwezi. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Nimekataliwa mara nyingi, na mahali pawili nilikaribishwa mwaka uliofuata kwa sababu niliondoka vizuri.

Jua pia kwamba utashukiwa, na wanaokushuku wana haki. Magofu ya Tanga yameliwa na biashara ya vyuma chakavu. Watu huja na begi, wanajidai watalii, wanapima mashine kwa macho, usiku wanarudi na gari. Fungua begi lako mwenyewe kabla hujaombwa. Usipige picha ya kufuli, ya mlango wa stoo, wala ya mashine ambayo bado ina shaba ndani. Na kama karibu kuna kambi ya jeshi, polisi au daraja linalolindwa, geuza lenzi upande mwingine kabisa.

Kilichomo begini

Kamera yangu ni Canon 700D niliyoinunua ikiwa imetumika, na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Inatosha. Simu nzuri inatosha pia, mradi uwe na kishikio cha kuifunga kwenye tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Tripodi ndicho kitu nisichokiacha, kwa sababu ndani ya gofu mwanga ni haba na mkono hutetemeka. Vingine ni tochi mbili, betri ya ziada, maji lita mbili, buti ngumu zinazofunika kifundo, suruali ya jinzi, glavu za ngozi za mafundi, barakoa, plasta na bandeji, filimbi shingoni. Filimbi niliinunua wiki ileile ya mguu. Simu inakaa mfukoni, si begini.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, nayo hula lenzi polepole hadi ukungu uote ndani ya kioo. Kusanya vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uviweke kwenye begi la kamera. Ukirudi nyumbani futa kila kitu kwa kitambaa kikavu.

Ndani

Msiwe chini ya wawili, na mtu wa tatu nyumbani ajue mko wapi na mtarudi saa ngapi. Mwenyeji akikubali kuwaongoza, afadhali zaidi, na mlipe kwa muda wake.

Kabla ya kuingia simama mlangoni dakika tano. Macho yazoee giza, masikio yasikilize. Mlio wa nyuki utausikia kabla hujawaona, na ukiwasikia usiingie, hata kama umetoka mbali. Piga mguu chini mara kadhaa, nyoka wengi hujiondokea wakisikia kishindo. Swila na kifutu wote nimewakuta, mara zote kwenye rundo la mabati. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Popo ni hatari kwa namna nyingine. Kinyesi chao kikikauka huwa vumbi, na humo huweza kuwemo fangasi wanaoshambulia mapafu. Chumba chenye popo wengi nakipigia picha kutoka mlangoni, nikiwa na barakoa, basi. Ukiona paa la mabati mapana ya kijivu yasiyo ya chuma, yaliyovunjika vipandevipande, huenda ni asbesto. Usiyakanyage wala usiyasogeze ili picha ipendeze, vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

Sakafu ya mbao au ya boriti ghorofani siipandi tena. Nakutana na picha nzuri sana za watu waliosimama kwenye ghorofa za namna hiyo, nami roho hunidunda. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, lilikuwa likikarabatiwa na mafundi tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka, watu wawili wakafa. Kama jumba lenye mafundi lilianguka, lisilo na fundi kwa miaka 40 halina cha kukuahidi. Angalia nyufa: ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui ndani yake, ufa mpya ni msafi na kingo zake ni kali. Ukiuona msafi, rudi nyuma.

Uani tahadhari kubwa ni mashimo. Viwanda vya mkonge vilitumia maji mengi, vina matangi, mifereji na visima kila upande, na mifuniko ya chuma imeshauzwa. Majani yakikua hufunika shimo lote. Tembea na fimbo, ugonge mbele yako kama mpofu. Ndiyo maana siingii uani majani yakiwa marefu baada ya masika. Januari na Februari majani ni mafupi na ardhi inaonekana. Ila ukitaka kuta zenye rangi, chokaa iliyolowa na kuvu ya kijani, basi Mei haina mshindani, na siku hizo siingii ndani wala majanini, hubaki njiani na kupiga kupitia madirishani.

Mwanga

Wengi wameshika kwamba picha ni asubuhi na jioni, mchana weka kamera chini. Kwa nje ni kweli. Kwetu hapa jua hupanda haraka, na kufika saa nne limeshapanda juu, kila kitu kimekuwa bapa. Ndani ya jengo lenye paa lililotoboka mambo hugeuka. Saa sita mchana jua la Tanga huteremka karibu wima, na kila tundu la msumari kwenye bati linakuwa uzi wa mwanga unaosimama kutoka darini hadi sakafuni. Kwenye chumba cha brashi cha kiwanda kimoja niliwahi kuhesabu nyuzi zaidi ya mia. Kwa hiyo nje nafanya saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu nakula mihogo yangu kivulini, nikiingia ndani saa sita.

Funga kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8, halafu iache kamera ichague muda wa shata, hata ikiwa sekunde mbili au nne. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Shida kubwa ya ndani ni dirisha: ukipima giza la chumba, dirisha linakuwa shuka jeupe, ukipima dirisha, chumba kinazama. Piga tatu bila kusogeza kamera, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, uziunganishe nyumbani. Lakini usizivute mpaka vivuli viishe. Giza la kona ni sehemu ya chumba, na picha isiyo na giza hata kidogo hunifanya nijione niko dukani.

Weka kamera usawa wa kifua, iwe sawasawa kabisa, isiinue uso wala isiinamishe. Ukiielekeza juu, kuta hulalia nyuma kama zinaanguka, na mtazamaji hatajua kuta zinaanguka kweli au ni wewe.

Baada ya picha pana mbili tatu, shuka kwenye vidogo. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kwenye nguzo ya saruji mlangoni pa chumba cha korona, katika kiwanda kilekile cha mzee mlinzi, kuna sehemu iliyong'aa, laini kama sabuni, kimo cha bega la mtu. Zege pembeni yake ni la kukwaruza. Nilipiga picha bila kuelewa. Baadaye mzee mlinzi akanieleza: zamu ikibadilika, wanaume walisimama pale kungoja kengele, na kila mmoja aliegemea nguzo hiyohiyo. Mabega ya miaka ndiyo yaliyoing'arisha. Babu yangu hakufanya kazi kiwanda hicho, lakini niliiegemea na mimi.

Vitu vya watu

Utakuta kitambaa chekundu au cheupe kimefungwa kwenye mti, chetezo cha ubani, kichupa cha marashi, sahani yenye sarafu. Hasa kwenye makaburi ya zamani na mapangoni. Hapo pana mtu aliyekuja na shida yake. Usiguse, usisogeze, usipige picha mpaka umeuliza wenyeji. Na wakisema vua viatu, vua. Vivyo hivyo kwa anayelala humo. Mara moja nilikuta godoro, sufuria na daftari la shule. Niliondoka bila picha hata moja.

Usipange vitu. Kiti kilichoanguka kiache kimeanguka. Nimeona watu wakibeba mwanasesere begini wamweke dirishani ili picha itishe. Kwa kufanya hivyo unawazushia uongo walioishi pale.

Ukirudi

Andika siku hiyohiyo: kijiji, tarehe, nani alikueleza nini, chumba kilikuwa cha kazi gani. Picha za magofu zisizo na maelezo hufanana zote baada ya mwaka mmoja. Ukizituma mtandaoni, zima mahali pa ramani kwenye simu na utaje wilaya tu. Ukitaja njia, wa vyuma chakavu na wa milango ya kuchonga watatangulia kufika. Picha ya mtu anayeonekana sura hutumwa akikubali, na akikubali leo akabadili mawazo kesho, ishushe.

Halafu chapisha mbili au tatu, urudishe. Studio za mjini hufanya kwa bei ndogo. Mwezi uliopita nilimpelekea yule mzee picha ya chumba cha korona. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaweka kidole kwenye kona ya kushoto ambako mimi niliona ukuta mtupu.

"Hapa ndipo nilipokuwa nasimama. Lakini umekuja saa mbaya, mwanangu. Saa kumi jua liliingia kwa dirisha lile, na vumbi la singa lote lilikuwa dhahabu."

Dirisha lile sikuwahi kulitazama. Jumamosi hii naenda na tripodi yangu, nitafika saa tisa na nusu, na amesema atasimama palepale konani ili nipate kimo.